Kuchonga, kusafirisha na kutunza mapanga ya mtambo mdogo wa upepo: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza mapanga matatu ya mbao, kila moja urefu wa mita 1.2, kwa mtambo wa upepo wenye kipenyo cha mita 2.4. Ukubwa huo unachongeka kwenye karakana ya kawaida ya seremala, unabebeka juu ya basi, na unainulika na watu wanne wenye winchi ya mkono. Jenereta, betri na mlingoti nitavigusa pale tu vinapoyahusu mapanga.

Umbo la panga likipotoka kidogo, utapoteza umeme kidogo. Mapanga matatu yasipofanana, mtambo utajitikisa hadi ulegeze bolti, upasue kitovu (sehemu ya katikati inayoshika mapanga) na hatimaye uangushe mlingoti. Kwa hiyo kila utakapolazimika kuchagua kati ya panga moja zuri sana na matatu ya wastani yanayofanana, chagua matatu yanayofanana.

Panga linabeba nini

Duara la mita 2.4 linakinga upepo wa eneo la mita za mraba 4.5. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utakupa kama wati 85, na upepo wa mita 10 kama wati 680, kwa sababu kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Hizo ni hesabu za hewa ya Pwani. Ukiwa Nairobi au nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, punguza takriban asilimia 15.

Mapanga ya vipimo nitakavyotoa yamekusudiwa ncha ikimbie mara sita ya kasi ya upepo. Upepo ukiwa mita 10 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa, na mtambo unazunguka karibu mara 480 kwa dakika. Kwa mwendo huo, panga lenye uzito wa kilo moja na kitu linavutwa nje kwa nguvu ya mzigo wa zaidi ya kilo 100. Gramu 20 zikizidi kwenye ncha ya panga moja, hutikisa mlingoti kwa nguvu ya kilo 6, mara nane kila sekunde, mchana na usiku. Ndiyo maana sehemu za kupima uzito na kusawazisha nimezieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Chagua mbao

Tafuta mbao nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka. Msindano unafaa, na Tanzania mwingi hutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi. Saipresi nayo inafaa na haiozi haraka. Mninga na mvule ni mbao nzuri kwa milango na vitanda, lakini kwa panga ni nzito, na uzito unaongeza ule mvuto wa kwenda nje.

Ukifika kwa muuza mbao, usikubali ya kwanza. Inua mbao usawa wa jicho, uitazame kwa urefu: isiwe imejipinda wala kujisokota. Fuata nyuzi kwa kidole. Zikitoka upande mmoja na kuishia upande wa pili kabla ya mita moja, iache, maana itapasukia hapo. Jicho dogo la mbao karibu na shina la panga, yaani mwisho utakaofungwa kitovuni, linaweza kuvumilika. Jicho kwenye nusu ya nje halivumiliki hata liwe dogo kama kifungo. Mbao yenye kiini cha mti katikati nayo iache.

Nunua 2 kwa 6. Futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo vipande vitatu vya mita 1.2 vinatoka kwa taabu, na ncha za mbao mara nyingi zina nyufa. Ukipata futi 14 ni afadhali. Lazima vipande vyote vitatu vitoke kwenye mbao moja, kwani vya mti mmoja hulingana uzito na hunyonya unyevu kwa namna moja.

Kisha ikaushe. Mbao nyingi zinazouzwa kuwa kavu bado zina maji. Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke pamoja na mbao zako kivulini penye hewa, ukipime tena kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, mbao iko tayari. Ukiharakisha hapa, panga litajisokota baada ya kuchongwa na kazi yote itakuwa imepotea.

Hatua ya 2: Randa na weka alama

Piga randa hadi ubaki na unene wa milimita 45 na upana wa milimita 140, vipande vyote sawasawa. Kwenye kila kipande andika: shina, ncha, uso (upande utakaotazama upepo), mgongo, ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma. Andika kwa maneno, usitegemee kumbukumbu.

Ili usikosee upande, simamisha kipande ncha ikiwa juu na uso ukikutazama. Ikiwa mtambo utazunguka kwa mwelekeo wa saa kwa mtu anayesimama upepo unakotoka, ukingo wa mbele uko kulia kwako. Panga vipande vitatu ubavu kwa ubavu na uhakikishe vyote viko hivyo. Panga moja likichongwa kinyume halirekebishiki.

Sasa kata shina. Kwenye mwisho wa kipande weka alama katikati ya upana, yaani milimita 70. Kwenye kila ukingo pima milimita 40 kutoka mwisho, kisha piga mistari miwili kukutana kwenye ile alama ya katikati. Ukikata utapata kichwa chenye pembe ya nyuzi 120, na vichwa vitatu vikikutana vinajaza duara bila pengo.

Kutoka kwenye ncha ya kichwa hicho, ambayo ndiyo katikati ya mtambo, piga mistari ya kukingama kila milimita 200. Kila mstari ni kituo cha kupimia. Vipimo vyote ni milimita:

- Umbali 400: upana 128, mteremko 31, unene 20
- Umbali 600: upana 116, mteremko 17, unene 15
- Umbali 800: upana 104, mteremko 10, unene 13
- Umbali 1000: upana 92, mteremko 6, unene 11
- Umbali 1200: upana 80, mteremko 3, unene 10

Kuanzia 0 hadi 150 usiguse kitu, hapo ndipo kitovu kitakaposhika. Kati ya 150 na 400 umbo litabadilika taratibu kutoka mbao bapa hadi panga kamili.

Hatua ya 3: Kata upana

Ukingo wa mbele unabaki ulivyo, umenyooka. Upana unapunguzwa upande wa nyuma tu. Weka alama za upana kutoka ukingo wa mbele, ziunganishe kwa mstari mmoja, ukate nje kidogo ya mstari na umalizie kwa randa. Bana vipande vyote vitatu pamoja na uvipige randa kwa mara moja. Ni njia rahisi kuliko zote ya kupata upana unaolingana.

Hatua ya 4: Chonga uso

Hapa ndipo panga linapopata msokoto wake. Karibu na shina mwendo ni mdogo, kwa hiyo panga linakaa kwa pembe kubwa. Kwenye ncha mwendo ni mkubwa, na panga linakaribia kulala bapa.

Kwenye ukingo wa nyuma, pima mteremko kutoka usoni kwenda chini kwa kila kituo: 31 kwenye 400, 17 kwenye 600, na kuendelea. Unganisha alama hizo. Mbao yote iliyo kati ya mstari huu na ukingo wa mbele inatakiwa kuondoka, lakini ukingo wa mbele wenyewe unabaki kwenye usawa wake wa awali.

Usianze na randa. Kwanza piga msumeno kwa kukingama, kila sentimita 5, hadi karibu kugusa mstari. Kisha toa vipande kati ya mikato kwa patasi, ukifuata nyuzi zinakoelekea. Ukiona patasi inachimba kwenda ndani, geuza upande. Ukishakaribia mstari, ndipo uchukue randa.

Kupima ni hivi. Bana mbao ikiwa imelala sawa kabisa kwa pimamaji, uso ukiwa juu. Weka rula fupi kukingama kwenye kituo, halafu weka simu yenye programu ya kupima pembe juu ya rula. Kwenye 400 isome karibu nyuzi 13.6, kwenye 600 nyuzi 8.3, 800 nyuzi 5.5, 1000 nyuzi 3.7, na kwenye ncha nyuzi 2. Rula ikae bila mwanga kupita chini yake. Uso huu hautakiwi kuwa na tumbo wala bonde.

Maliza uso wa mapanga yote matatu kabla hujagusa mgongo wa hata moja. Mkono unaokumbuka kituo kimoja unarudia vizuri mara tatu mfululizo, na haurudii vizuri baada ya siku mbili.

Hatua ya 5: Chonga mgongo

Geuza panga. Pima unene kutoka kwenye uso uliokwisha kumalizika na uweke alama kwenye kingo zote mbili. Kwenye 400 ukingo wa nyuma umebaki na milimita 14 tu, uache ulivyo. Punguza kwanza hadi kila kituo kiwe na unene wake, mgongo ukiwa sambamba na uso. Kisha piga mstari mrefu kutoka shina hadi ncha, ukipita kwenye thuluthi ya upana kutoka ukingo wa mbele: kama milimita 43 kwenye kituo cha 400, na 27 kwenye ncha. Mstari huo ndio kilele cha mgongo. Usiuguse tena kwa randa.

Kutoka kwenye kilele, teremka taratibu hadi ukingo wa nyuma ubaki na unene wa milimita moja na nusu. Upande wa mbele, viringisha kwa mkunjo mfupi. Ukilikata panga katikati ungeona mfano wa tone la maji lililolazwa, kichwa mbele na mkia nyuma. Ukingo wa mbele usiufanye mkali. Mkali unaonekana wa kasi machoni, lakini upepo ukibadilika pembe kidogo tu, hewa inaachana na mgongo na panga linapoteza nguvu.

Tengeneza violezo vya bati jembamba au plaiwudi kwa mgongo wa kila kituo, ukivitoa kwenye panga la kwanza, na uvitumie kwa mawili yanayofuata. Kisha piga msasa, namba 80, halafu 120, halafu 180, na usikilize kwa kidole: pitisha kidole macho ukiwa umeyafumba, kutoka mbele kwenda nyuma. Kidole hukamata tuta ambalo jicho halilioni.

Hatua ya 6: Linganisha kabla ya kupaka rangi

Pima kila panga kwenye mizani. Tofauti isizidi gramu 10. Halafu lilaze kila panga juu ya penseli na utafute mahali linapotulia, weka alama. Mahali hapo pasipishane kwa zaidi ya milimita 5 kati ya panga na panga. Mapanga mawili yanaweza kulingana uzito kwa jumla huku moja likiwa na ncha nzito, na kwenye mzunguko hilo ndilo litakaloleta tabu.

Lililo zito lipunguze kwa msasa kwenye mgongo, karibu na shina kama uzito uko shinani, au nje kama uko nje. Ukingo wa mbele usiuguse.

Hatua ya 7: Rangi na kinga ya ukingo wa mbele

Maji huingia kwenye mbao kupitia ncha na shina, pale nyuzi zilipokatwa, kabla hayajaingia kwingine. Sehemu hizo zipake epoksi (gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili) nyembamba mara mbili, uiache inywe. Kwingine paka rangi ya mafuta mikono mitatu, ukipiga msasa mwepesi katikati. Rangi nyeupe au ya mwanga ni nzuri kwa sababu mbili: haipashi mbao joto, na ufa unaonekana mapema.

Nusu ya nje ya ukingo wa mbele inahitaji zaidi ya rangi. Tone la mvua linalokutana na ncha kwa kilomita 216 kwa saa linakwangua, na mchanga unakwangua zaidi. Kabla ya rangi, funika ukingo huo kwa utepe wa kitambaa cha faiba cha sentimita 5, nusu usoni na nusu mgongoni, uliolowekwa epoksi. Kitambaa na epoksi utavipata kwa mafundi wa boti za faiba: Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wapo. Kikikauka, kipige msasa kingo zake zisihisike. Vaa barakoa na glavu, vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai kuingia mapafuni.

Hatua ya 8: Kitovu

Kata maduara mawili ya plaiwudi ya milimita 12, kipenyo milimita 250. Laza mapanga matatu chini, nyuso juu, vichwa vikikutana. Pima kutoka ncha hadi ncha, ukitumia kona ileile ya kila panga: nafasi zote tatu ziwe karibu sentimita 208, na zisipishane kwa zaidi ya milimita 5. Ukishapata, weka duara la kwanza, lifunge kwa skrubu, geuza, funga la pili. Pima tena nafasi za ncha kabla ya kukaza. Bolti za kuunganisha na jenereta zipite kwenye plaiwudi zote mbili na mbao katikati, na ziwe na washa pana ili zisizame.

Gundi kwenye maungio haya usiweke kama mtambo utasafiri. Skrubu na bolti zinatosha, na utahitaji kuyafungua.

Andika 1, 2 na 3 kwenye kila shina na mahali pake kwenye duara.

Hatua ya 9: Sawazisha

Funga kitovu kwenye ekseli inayozunguka kwa ulaini, ndani ya nyumba pasipo na upepo. Zungusha polepole uache isimame yenyewe. Rudia. Panga lilelile likirudi chini kila mara, ndilo zito. Ongeza kipande cha risasi au bamba la chuma kwenye kitovu upande wa pili, kwa skrubu mbili. Karibu na katikati unahitaji uzito mwingi: gramu 20 za ncha zinalinganishwa na gramu 240 kwenye sentimita 10 kutoka katikati. Endelea hadi mtambo usimame popote bila kuchagua.

Mwisho, hakikisha ncha zote zinapita mahali pamoja. Weka kigingi karibu na ncha moja, zungusha, uone kama mbili zinazofuata zinapita umbali uleule. Zikipishana zaidi ya milimita 5, legeza, weka kipande chembamba cha bati chini ya shina husika, kaza, usawazishe upya.

Viwanda vikubwa hufanyaje

Mapanga ya mitambo ya Ngong na ya Ziwa Turkana, yenye urefu wa mita 25 na kidogo, hayachongwi. Kwenye kiwanda cha mapanga, tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo hutandazwa ndani ya kalibu, na kwenye mapanga mengi makubwa ya leo katikati huwekwa mbao nyepesi ya balsa, ambayo nyingi hutoka Ekwado, au povu gumu. Kalibu hufunikwa plastiki, hewa hunyonywa kwa pampu, na rezini huvutwa ndani hadi iloweke kila uzi. Nusu mbili hutengenezwa hivyo, kisha hugundishwa pamoja na mihimili katikati. Waya wa radi hupita kutoka ncha hadi shina. Kwa njia hiyo Cherbourg, Ufaransa, lilitoka mwaka 2019 panga la mita 107.

Wapo wanaotaka kuanza na kalibu na faiba kwa mtambo wa kwanza. Ushauri wangu ni kuanza na mbao. Kalibu yenye kosa inazaa kosa hilo mara tatu, na ndani ya faiba huwezi kuona pengo la hewa. Mbao inaonyesha ubovu wake wazi.

Kusafirisha

Mapanga yasafiri yakiwa yamefunguliwa, matatu pamoja kwenye fremu moja. Chukua mbao mbili za mita 1.3, ziunganishe kwa vipande viwili vya kukingama: kimoja shinani, kingine kwenye kituo cha 800. Panga lishikwe mahali hapo pawili tu. Ncha ining'inie huru, isifungwe. Ukifunga ncha, kila shimo la barabara linapinda panga.

Funga kila panga kwa blanketi au gunia safi, ukingo wa mbele ukiwa juu, na tumia mipira ya tyubu ya baiskeli badala ya kamba. Mpira unashika bila kuuma rangi, na haulegei gari likitikisika. Juu ya basi, simamia mwenyewe upakiaji. Mwambie utingo mbele yako kwamba juu ya fremu hakiwekwi kitu, na kama anataka kuongeza viroba vya mkaa, lipia nafasi. Boda boda ni ya mwisho kabisa, na panga liwe sambamba na pikipiki, kamwe lisikingame.

Usiyaache juani yakiwa yamefungwa plastiki. Unyevu unajikusanya ndani na mbao inavimba upande mmoja. Ukifika, yafungue, yaache kivulini usiku mmoja, yapime upya kwenye penseli kabla ya kufunga kitovu.

Kwa mapanga makubwa sheria ni zilezile. Nayo hushikwa shinani na mahali pamoja kuelekea ncha. Mradi wa Ziwa Turkana ulileta mapanga 1,095 kwa mitambo yake 365, yakishushwa Mombasa na kusafiri takriban kilomita 1,200, na barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilibidi itengenezwe upya ili malori yapite. Kabla ya safari kama hiyo, mtu hupita njia nzima akipima kona, madaraja, nyaya za umeme na matuta. Wewe nawe fanya hivyo kwa kile kipande cha mwisho kutoka barabarani hadi mlingotini, maana hapo ndipo mapanga mengi hugonga mti au ukuta.

Kusimamisha

Fanya asubuhi na mapema, upepo ukiwa mdogo. Mlingoti ukiwa umelazwa, funga kitovu kwenye jenereta na kaza bolti kwa mzunguko, kidogo kidogo. Unganisha nyaya tatu za jenereta pamoja. Hilo ni breki, mapanga yatazunguka polepole tu. Usiliamini kwenye upepo mkali, kwa hiyo ongeza kamba kwenye panga moja hadi mlingotini wakati wa kuinua. Watoto wasiwe ndani ya urefu wa mlingoti kila upande, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa mzunguko wa mapanga.

Usiruhusu mtambo uzunguke bila mzigo. Jenereta isipobeba betri au hita ya kumwagia umeme wa ziada, mapanga hayana kinachoyashika, na kasi itapanda kupita ile niliyoieleza hapo juu.

Matunzo

Baada ya upepo mkali wa kwanza, laza mlingoti na ukaze kila bolti na skrubu. Mbao hubonyea kidogo mara ya kwanza. Rudia baada ya mwezi mmoja. Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka. Pwani muda mzuri ni tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, au kinyume chake: upepo ni mdogo, hupotezi umeme mwingi, na panga linakuwa tayari kabla ya msimu mpya. Bara, chagua miezi ambayo upepo wa kwenu hulala.

Katikati ya hapo, kazi yako ni kusikiliza. Mapanga mazima hutoa sauti tatu zinazolingana kwa kila mzunguko. Sauti moja ikiwa na mluzi, ukingo wa panga hilo umeumia. Ukisikia kitu kikigonga mara moja kwa kila mzunguko, kitu kimelegea kitovuni: funga mtambo siku hiyohiyo. Shika waya za mlingoti kwa mkono. Mtetemo uliokuwa haupo jana ni dalili ya mapema kuliko zote.

Piga picha za kila panga kwa simu, mtambo ukiwa umefungwa, kutoka mahali palepale kila mwezi. Ukizilinganisha utaona rangi inavyoisha kwenye ukingo.

Mlingoti ukilazwa, kagua kwa mpangilio huu. Anza na shina, kuzunguka skrubu na bolti, tafuta ufa au rangi iliyopasuka. Kisha ukingo wa mbele kutoka katikati hadi ncha. Kisha ukingo wa nyuma, ambao hupasuka kwa sababu ni mwembamba. Mwisho gonga panga lote kwa sarafu, kila sentimita 5: mlio mkavu ni mbao nzima, mlio mzito uliofifia ni mbao iliyooza au faiba iliyoachana na mbao.

Ukarabati wa ukingo wa mbele ni huu:

1. Kwangua hadi ufike kwenye mbao au faiba nzima, ukizidisha sentimita 2 kila upande wa jeraha.
2. Acha ikauke kabisa. Kama mbao ililowa, siku kadhaa kivulini. Epoksi juu ya mbao mbichi itabanduka.
3. Changanya epoksi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, upime kwa mizani, usikadirie. Ongeza unga wa msasa wa mbao ileile hadi iwe nzito.
4. Jaza, ukizidisha kidogo. Acha siku nzima.
5. Piga msasa ukitumia kiolezo cha kituo husika, funika kwa utepe mpya wa faiba, kisha rangi.
6. Sawazisha mtambo wote upya. Hatua hii hairukwi, hata kwa kidonda kidogo, kwa sababu umeongeza gramu mahali zinapouma zaidi.

Ufa unaofuata nyuzi, mfupi, kwenye ukingo wa nyuma, unagundika. Ufa unaokata nyuzi karibu na shina haugundiki. Panga hilo likate vipande ili mtu mwingine asilijaribu, kwa sababu likiruka kwa kasi yake linaweza kuua.

Panga jipya la kuchukua nafasi yake linatakiwa lilingane na mawili yaliyobaki, ambayo yamekwisha kunywa rangi na kukauka kwa miaka. Kwa hiyo, unapochonga mara ya kwanza, hifadhi violezo vyote, karatasi ya uzito na vipimo vya kila panga, na kipande cha mbao ileile kilichobaki. Kama mbao inaruhusu, chonga la nne wakati huohuo, ulipake rangi siku moja na mengine, ulihifadhi likiwa limening'inizwa wima kwa shina, ndani, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu.